Subira Ninayo, Sheikh



Jioni moja, baada ya darsa ya akina mama, bibi mmoja alibaki nyuma ya pazia akatuuliza: je, yafaa kuswali juu ya kiti? Tukamjibu kwamba asiyeweza kusimama huswali ameketi, kisha tukamuusia subira. Akanyamaza kidogo, akasema: "Subira ninayo, sheikh. Ninachokosa ni mtu wa kumwambia."

Akatusimulia, na kwa idhini yake twasimulia bila jina. Ameishi na virusi vya UKIMWI miaka mingi. Dawa humeza kila siku, na kliniki humwambia virusi vimedhibitiwa. Lakini nyayo zake huwaka kana kwamba amekanyaga makaa, na usiku ndipo huzidi. Hata shuka likigusa vidole haliwezi. Basi huamka, akatia maji karaini, akatumbukiza miguu mpaka moto upoe. Mkazamwanawe, akisikia maji yakimiminwa usiku wa manane, hudhani mama anatawadha kwa ajili ya tahajudi. Naye humwacha adhani hivyo.

Tulirudi nyumbani tumetahayari. Tulijibu suala la kiti, wala hatukuuliza habari ya miguu.

Tukamwendea tabibu tunayemwamini. Akatufahamisha kwamba virusi vyenyewe huweza kudhuru neva za miguu, na baadhi ya dawa za zamani zilichangia. Mojawapo ni stavudini, ambayo mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilihimiza iachwe hatua kwa hatua. Neva zikishadhurika, maumivu huweza kubaki. Si uvivu, wala si kisingizio.

Bibi huyu amejifunza njia zake: makubadhi mapana, matembezi mafupi ya asubuhi, kupika ameketi. Tabibu alizisifu, akaongeza mambo matatu. Kwanza, asiache dawa za virusi kwa kudhani ndizo zimchomazo, bali amweleze daktari. Pili, maji yasiwe ya moto wala ya barafu, kwani mguu wenye ganzi hauhisi unapodhurika. Na nyayo zikaguliwe kila siku. Tatu, asijinunulie vidonge vya maumivu kiholela, maana baadhi yake vikikutana na tenofoviri huweza kuumiza figo. Zipo dawa za maumivu ya neva, na daktari ndiye wa kuziandika.

Enyi wazazi wetu, Nabii Ayubu, alayhi salaam, alimweleza Mola wake madhara yaliyompata, na bado akasifiwa kwa subira. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alituamrisha kutafuta dawa. Kusema "naumwa" hakuvunji subira. Linalowafunga watu midomo ni sisi: minong'ono yetu ukumbini, na haraka yetu ya kuuliza ugonjwa ulitoka wapi kabla ya kuuliza unauma wapi.

Juma lililopita bibi alitupasha habari kwamba amemwambia mkazamwanawe. Binti alilia, kisha akauliza maji yawe kiasi gani. Siku hizi karai huwekwa kando ya kitanda kabla ya kulala.

Mwenyezi Mungu awape afueni wagonjwa wetu, na atupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Amin.