Wasichana Wawili Katika Picha Moja



Binti mmoja katika wanafunzi wangu alinijia baada ya darsa na kitabu cha picha za kale za Uingereza. Nikaona msichana wa kizungu aliyevaa nguo ya rangi ya waridi, kitabu mkononi. Kando yake msichana mweusi mwenye kilemba na unyoya, amebeba matunda, anatabasamu. Nikasema, "Huyu bibi, na yule mtumishi wake."

Binti akanijibu kwa adabu, "Hapana, maalim. Ni jamaa wa damu."

Nilinyamaza kwa haya. Yule wa kizungu ni Elizabeth Murray, na mweusi ni Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761. Baba yake alikuwa nahodha wa manowari, Sir John Lindsay. Mama yake mtumwa wa asili ya Afrika. Wote wawili walilelewa Kenwood, karibu na London, na Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa Uingereza: baba wa Elizabeth alikuwa mtoto wa kaka yake, na baba wa Dido mtoto wa dada yake. Jaji huyo ndiye aliyehukumu mwaka 1772 kwamba mtumwa James Somerset hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu.

Picha ilichorwa kiasi cha mwaka 1779. Mwaka huohuo mgeni mmoja, Thomas Hutchinson, aliandika kwamba Dido hakula na wageni; alikuja baada ya chakula kuketi na mabibi, kisha wakatembea bustanini wameshikana mikono. Mansfield alipofariki mwaka 1793 wasia wake ulithibitisha uhuru wa Dido, ukamwachia pauni 500 na pauni 100 kila mwaka. Elizabeth aliachiwa pauni 10,000.

Katika fiqhi yetu, mtoto ambaye bwana amemzaa na suria wake huzaliwa huru, na hurithi pamoja na ndugu zake. Siandiki haya kwa kujisifu. Wako wazee wetu waliompa mtoto wa suria fungu lake bila kupunguza hata senti, kisha katika magomvi wakamtajia mama yake. Na Abu Dharr, sahaba mkubwa, alipomwaibisha mtu kwa ajili ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimkemea, akamwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake.

Kwa miaka mingi ukoo wenye picha ile ulimtaja Elizabeth kwa jina, na Dido akahesabiwa mtumishi tu. Basi waandishi wa orodha zile nami tulitazama kwa jicho moja, ingawa mimi nimesomesha kisa cha Bilal zaidi ya miaka thelathini. Tena mkono wa Elizabeth umeushika mkono wa mwenzake waziwazi, na sikuuona!

Nilimwuliza binti kama mama yake Dido naye ana jina. Akafunua kurasa kidogo, akanisomea: Maria Belle.