Mchezo Ulio Kazi

Lugha yetu ina neno moja liwezalo kumtia mzazi mashaka. Watoto wakikimbiza mpira uwanjani, twasema wamo mchezoni. Na mtu mzima anayelipwa ujira ili asimame jukwaani mbele ya mamia ya watu, naye twasema yumo mchezoni. Ndiyo maana binti akitamka nyumbani kwamba anataka kuwa mwigizaji, wazazi husikia kwamba anataka kucheza hali wenzake wanafanya kazi.

Jambo hili limetufikia hapa Kibenga, kusini mwa mji wa Bujumbura. Jirani yangu, polisi wa miaka mingi, alitazamia kwamba bintiye atachagua uuguzi au ualimu. Binti akachagua jukwaa na televisheni. Kwa kuwa mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, baba huyo alinijia na maswali mawili: je, hiyo ni kazi? Na ikiwa ni kazi, je, ni kazi ya heshima?

Sikutaka kumjibu kwa nadharia. Nilimsimulia maisha ya Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ambaye wengi humjua kwa sinema, lakini ambaye jukwaa ndilo lililomlea.

Lupita alizaliwa tarehe 1 Machi, 1983, huko Mexico, baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akiishi ugenini kwa sababu za kisiasa. Familia ilirejea Kenya angali mtoto mchanga, naye akakulia Nairobi. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipanda jukwaani pamoja na kundi la Phoenix Players la mji huo, akaigiza Juliet katika mchezo wa Shakespeare, Romeo and Juliet.

Hakuruka kutoka hapo hadi kwenye umaarufu. Alikwenda Marekani kusoma katika Hampshire College. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipokuwa ikipigwa nchini Kenya, alifanya kazi ndogo ndogo za kuwahudumia watengenezaji. Huko, mwigizaji Ralph Fiennes alimshauri kwamba aishike kazi hiyo ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila ya hiyo. Mwaka 2009 alitoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, juu ya maisha ya albino nchini Kenya. Mwaka huohuo alionekana katika Shuga, mfululizo wa televisheni uliotengenezwa Nairobi ili kuwazindua vijana juu ya UKIMWI.

Kijana mwingine angeona kwamba sasa sura yake imejulikana, basi inatosha. Yeye alirudi darasani. Alisoma uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu mwaka 2012. Huko, mchezo wa Eclipsed, ulioandikwa na Danai Gurira, ulipoonyeshwa mwaka 2009, Lupita alikuwa mwigizaji wa akiba. Wasomaji walio jeshini wanaijua maana ya akiba. Mwigizaji wa akiba hujifunza kila neno na kila hatua ya mwenzake, hukaa tayari, na huenda asiitwe kamwe. Hapigiwi makofi, wala jina lake halikumbukwi na watazamaji.

Kisha ikaja filamu ya 12 Years a Slave ya mwaka 2013, na tarehe 2 Machi, 2014 akapewa tuzo ya Oscar, Mkenya wa kwanza kuipata. Milango yote ya sinema ilikuwa wazi. Lakini mwaka 2015 alirudi jukwaani mjini New York, katika Eclipsed ileile, safari hii akiwa mwenye nafasi yake, na mwaka 2016 mchezo huo ukahamia Broadway. Alichokitunza akibani hakikuoza. Mvumilivu hula mbivu.

Mchezo huo wahusu wanawake waliofanywa wake wa kamanda wa waasi katika vita vya Liberia, mwaka 2003. Sisi tuliopita vitani hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Nilimkumbusha jirani yangu kwamba hata hapa Burundi, mwaka 1997, vita vikiendelea, Studio Ijambo ilianza kutangaza mchezo wa redio uitwao Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Bibi Marie-Louise Sibazuri, juu ya familia jirani za Kihutu na Kitutsi. Bunduki hulinda mpaka; lakini kumfanya mtu amsikilize tena jirani yake, hiyo ni kazi ya namna nyingine, na waigizaji walikuwa miongoni mwa walioifanya.

Swali la heshima ni zito zaidi, na sikulikwepa. Mwezi Oktoba, 2017, Lupita aliandika katika gazeti la The New York Times jinsi Harvey Weinstein, mtengenezaji filamu mwenye nguvu nyingi, alivyomsumbua kwa kutaka asichostahili, kuanzia mwaka 2011 alipokuwa angali mwanafunzi. Alieleza pia kwamba alikataa. Basi hofu ya baba si ya bure. Hata hivyo tuulizane kwa haki: je, ni jukwaani tu binti hukutana na mkubwa mwenye tamaa? Hakuna maofisini? Hakuna shuleni? Kinachomlinda binti si kufungiwa mlango wa kazi moja. Humlinda kuwa na ujuzi wake mwenyewe, kujua kwamba anaweza kusema hapana, na kujua kwamba akilileta jambo hilo nyumbani ataaminiwa kabla ya kuhojiwa kama mshitakiwa.

Mwezi Agosti, 2025, Lupita alisimama tena katika jukwaa la wazi la Central Park, New York, katika Twelfth Night ya Shakespeare. Aliigiza Viola, na ndugu yake wa kuzaliwa, Junior Nyong'o, akaigiza pacha wake. Humo wakasema Kiswahili mbele ya watazamaji wa Marekani. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Julius Caesar mwaka 1963, alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kumbeba Shakespeare. Watoto hawa wa Nairobi walikipandisha jukwaani ugenini bila ya kukionea haya.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, binti akitaka jukwaa, msimcheke wala msimpe baraka za upesi. Mwambieni amalize shule, kwani Lupita hakuiacha. Mtafutieni kundi la kweli, lenye mazoezi na saa maalumu, nanyi mwende mkalione. Kisha mtazameni anapopewa nafasi ndogo isiyo na makofi. Akiifika kwa wakati, akajifunza maneno ambayo huenda asiyaseme kamwe, basi mjue kwamba amekwisha kuanza kazi. Akiichoka kwa wiki mbili, kulikuwa na mchezo tu, wala hakuna aliyeumia.