Geji Kabla ya Spana

Ufundi niliuanzia Gerezani, Dar es Salaam, nikiwa kijana wa kushika tochi na kuosha vyuma kwa petroli. Fundi mkuu aliyenipokea hakuwa na maneno mengi, lakini jambo moja lilikuwa linamchoma: dereva aje taa ya oili inawaka, halafu fundi ampe bei ya kufungua injini kabla hajapima chochote. Alikuwa na geji kuukuu ya presha yenye mpira mrefu, ameifunga kitambaa na kuitenga na spana zake. Kwake gari la namna hiyo lilianza kwa geji.

Madereva wengi wanadhani ile taa inapima wingi wa oili. Mtu anachomoa kijiti, anaona oili imefika alama ya juu, anapata moyo, anawasha gari na kuondoka. Taa haijui lita, inajua presha. Pampu husukuma oili hadi kwenye beringi za kranshafti, na pale oili hutandaza utando mwembamba unaozuia chuma kisiguse chuma. Utando ukikatika injini inanoki, na mara nyingi haichukui muda. Kwenye gari ndogo nyingi swichi huwasha taa presha ikiwa imeshashuka hadi PSI chache tu, kwa hiyo unapoiona, mambo yameshaharibika. Zima injini hapo hapo ulipo. Hata kama uko katikati ya mlima Kitonga na malori yanakupigia honi nyuma, sogea pembeni uzime.

Kabla ya geji kuna mambo madogo ya kutazama. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, ama balbu imekufa ama kuna mtu amechomoa waya makusudi ili auze gari, na hao wapo. Ikiwaka na isizimike injini ikishanguruma, zima injini, acha swichi ikiwa imewashwa, kisha chomoa waya kwenye swichi ya oili. Taa ikibaki inawaka, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Ikizimika, swichi imeharibika au presha kweli haipo, na hapo ndipo unaifungua swichi na kufunga geji kwenye tundu lake. Kuna mafundi wanaoruka yote haya na kumimina oili nzito zaidi. Taa inazimika kwa wiki kadhaa, mteja anashukuru, na ugonjwa unaendelea kula injini. Hilo sijawahi kulikubali katika gereji yangu.

Gari ninalolikumbuka zaidi ni Noah ya mama mmoja aliyekuwa akipeleka watoto shule. Injini yake 3S, ile inayokaa chini ya siti za mbele. Gereji nyingine ilikuwa imeshamwambia injini imekwisha na kumtajia bei ya injini ya mtumba. Alikuja kwangu akiwa amekata tamaa.

“Mama, hiyo taa inawaka wakati gani?”

“Asubuhi haiwaki, baba. Nikishashusha watoto nikashika barabara kubwa, nikikanyaga mafuta inawaka. Nikisimama sokoni kidogo, nikiwasha tena haipo.”

Maneno yake yalinipa nusu ya jibu. Beringi zilizokwisha zina tabia nyingine: injini ikipata moto na ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, taa inachezacheza, ukikanyaga mafuta inazimika. Yeye alikuwa na kinyume chake. Tena alipotoka sokoni injini ilikuwa bado ya moto, lakini presha ilikuwa imerudi.

Nikafunga geji. Kwenye sailensa mshale ulikaa vizuri. Nikapandisha mizunguko hadi 3,000 kwa dakika, ukapanda kuelekea 50, kisha, mguu wangu ukiwa pale pale, ukaanza kuteremka taratibu kama unaovutwa, hadi pale ambapo taa ingewaka. Nikazima, nikasubiri kidogo, nikawasha. Presha imerudi. Kuna kitu kilikuwa kinanyonywa kwenye chujio la pampu, na injini ikizimwa kinaanguka.

Tulipoteremsha sampu, kijana wangu alinyamaza. Wavu wa chujio ulikuwa umezibwa na vipande vya silikoni ya kijivu, vimejiviringisha kama tambi. Aliyeifunga sampu hiyo kabla yetu alikamua karibu tyubu nzima. Silikoni yenyewe haina kosa. Toyota hufunga sampu ya 3S kwa gundi ya aina hiyo, bila gasketi ya karatasi. Kinachotakiwa ni uzi mwembamba. Ikizidi, ya nje unaifuta kwa kitambaa, ya ndani hakuna anayeiona, na safari yake inaishia kwenye pampu.

Nilifungua kikombe kimoja cha beringi ili niwe na uhakika. Uso wake ulikuwa bado wa kijivu, shaba haijatokeza. Nikapumua. Tukaosha chujio, tukakwangua gundi ya zamani yote, tukakagua vali ya presha kwenye pampu, tukafunga sampu na kuacha gundi ikauke. Baada ya kuweka oili na filta mpya nilikata moto wa plagi, nikapiga stata mpaka geji ikapanda, ndipo nikairuhusu injini iwake. Kiwanda kinataka 3S ya moto isipungue PSI 4 kwenye sailensa, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya 36 na 71. Yetu ilisimama kwenye 48 na haikushuka, hata nilipoishikilia kwa muda mrefu.

Mama alilipia kazi, oili, filta na gundi. Nilimwomba arudi baada ya wiki chache. Aliporudi nilikata filta ile, nikatandaza karatasi yake juani: vijipande vichache vya silikoni vilivyokuwa vimejificha ndani ya injini vilikuwa vimenasa. Nikafunga filta nyingine, nikapima presha tena mbele yake, akawahi watoto wa saa nane.