Barua ya Kuomba Kufundisha Seminari

Vijana wetu wanapoandika barua za maombi, wengi humsifu wanayemwomba mpaka karatasi inakaribia kwisha. Barua ya kitinda mimba wa nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Anasomea ualimu wa fizikia na hisabati, na mwaka huu alitaka kufanya mazoezi ya kufundisha katika seminari moja ya Mkoa wa Singida, ambako ndiko kwetu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikatakiwa niipitie, kwa kuwa eti mimi ni mtu wa magazeti. Nilirekebisha nukta na mikato. Kazi yenyewe aliifanya Mama.

Huenda msomaji akajiuliza mwalimu mwanafunzi anatafuta nini seminari. Seminari ndogo, kama ile ya Dung'unyi wilayani Ikungi, ni shule ya sekondari. Wamo humo watakaokuwa mapadre, na wamo ambao hawatakuwa, lakini wote hufanya mitihani ile ile ya Baraza la Mitihani la Taifa. Shule za misheni zilipotaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, seminari zilibaki mikononi mwa makanisa. Lakini kijana wetu hakuvutwa na historia. Alivutwa na utulivu, na maabara, na sifa aliyoisikia kwamba huko mwalimu akikosea hesabu ubaoni, wanafunzi humsahihisha kwa adabu.

Mama alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka 2021, naye aliuanza kwa njia ambayo vijana wa leo hawaifahamu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Taifa lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, na walimu wa kutosha hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa karibu na makwao: sehemu ya siku wakifundisha, sehemu ya siku wakifundishwa. Watu waliwaita walimu wa UPE, na si kila mara jina hilo lilitamkwa kwa heshima. Mama humkumbuka mzee mmoja, mwalimu wa siku nyingi, aliyekuwa akikaa nyuma ya darasa lake na daftari mapajani. Jioni alimsomea aliyoyaandika: leo umewauliza wavulana peke yao, leo umefuta ubao kabla watoto hawajamaliza kunakili. Sidhani kama kuna chuo kinachoweza kumpa mwalimu mchanga kitu kikubwa kuliko daftari lile.

Kwa hiyo alipoisoma barua, aliuliza jambo moja tu.

"Nani atakaa nyuma ya darasa lako?"

Kijana hakujua.

"Basi waulize, mwanangu. Hilo ndilo unaloliomba. Chumba na ubao utavipata popote."

Kisha akachukua kalamu nyekundu, ambayo kustaafu hakukumtenganisha nayo, na aya mbili za sifa zikaondoka. Mahali pake alimtaka aeleze somo moja aliloliona likieleweka. Kijana akaandika jinsi alivyowaonyesha watoto wa jirani yai likizama katika maji matamu na kuelea katika maji ya chumvi, na jinsi mmoja wao alivyodai kwamba chumvi imelipunguza yai uzito. Akaeleza alivyomjibu. Aya hiyo ilikuwa na makosa mawili ya sarufi na ilikuwa bora kuliko barua nzima iliyotangulia.

Palikuwa na suala la dhehebu. Sisi ni Walutheri, na seminari ile ni ya Wakatoliki. Kijana alitaka kuandika "Mkristo" na kuishia hapo. Mama alikataa katakata; akamtuma kwa mchungaji wetu akaombe barua ya utambulisho, iambatanishwe.

Tulipofika kwenye posho, mimi na Mama tulitofautiana. Yeye aliona aibu kuitaja. Alinikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alipotoka Makerere, shule ya serikali ya Tabora nayo ilimtaka, lakini mwaka 1946 akaenda kufundisha St. Mary's, shule ya misheni. Nilimjibu kwamba St. Mary's walimlipa mshahara. Mwanafunzi asiye na mshahara hula kila siku kama wenzake, na anayemkaribisha hapungukiwi heshima kwa kuulizwa atamlisha nini. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe iliingia sentensi moja: mwombaji angeshukuru kuelezwa utaratibu wa malazi, chakula na posho, kama ipo.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, nusu ukurasa. Malazi na chakula vipo, posho haipo. Aje na chandarua. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha tatu atakaa darasani mwake mara mbili kwa wiki, na watazungumza baada ya vipindi.

Mama aliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, kwa sauti. Jumamosi iliyofuata aliuza kuku saba, akapata nauli na suruali mbili nyeusi.