Sinia la Mahafali Lianze na Korosho

Msimu wa mahafali ukikaribia, kamati za sherehe hapa Mtwara huwa na ugonjwa mmoja: picha za kwenye simu. Mwaka jana iliyotuzungukia sisi ilikuwa ya ubao uliopangwa jibini za aina tano, zabibu, biskuti nyembamba na kibakuli cha asali. Ulipendeza, sikatai. Tulikuwa tunamwandalia rafiki yetu wa Tandahimba, na wazazi wake walikuwa wanakuja.

Jibini Tanzania ipo. Njombe wanaitengeneza, kule kwenye baridi na ng'ombe wa maziwa. Ila joto la Mtwara mwezi wa kumi na moja halina utani: hotuba ya mgeni rasmi haijaisha, jibini inatoka jasho. Na bei yake inataka bumu zima. Lakini hoja yangu kikaoni ilikuwa nyingine. Niliuliza: mama yake akikaa mbele ya ubao huu, mkono wake utaanzia wapi?

Maana ada ya rafiki yetu ilitoka kwenye mikorosho. Wengi wetu wa Kusini tunaijua hesabu hiyo. Korosho zinakwenda chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinasubiri mnada. Na wewe unasubiri usajili. Msimu wa 2018 bei za mnadani zilipokataliwa, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Kuna nyumba zilisubiri malipo miezi. Na sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam.

Mwenzetu mmoja akasema, "Jamani, tukiweka korosho tutaonekana tumeleta vitafunio vya kwenye basi." Nikamkumbusha kitu ambacho sisi wa ualimu tunakariri tangu mwaka wa kwanza: somo lianze na kinachojulikana, ndipo liende kwa kisichojulikana, na zana zitoke kwenye mazingira ya mwanafunzi. Mgeni wa heshima naye ni hivyo hivyo.

Basi tukapanga hivi. Sinia kubwa, chini yake jani la mgomba lililopitishwa motoni kidogo ili lisipasuke. Katikati korosho nzima, si vipande, zilizokaangwa siku hiyohiyo. Tulizinunua zikiwa zimebanguliwa, kwa sababu ganda lina mafuta yanayounguza ngozi na kazi hiyo ina wenyewe. Pembeni yake kochoko, yaani mabibo makavu: ule utamu wenye ukakasi unaitafuta chumvi ya korosho. Kisha vipande vya nazi, embe, na pweza wa kuchemshwa aliyekamuliwa ndimu na kutiwa pilipili, kwenye kibakuli chake ili maji yasiloweshe korosho. Mabibo mabichi, mekundu na ya njano, tuliyaweka ukingoni dakika ya mwisho, kwani hayavumilii. Yakigongwa kidogo yanaharibika. Na kipande kimoja cha jibini tulikinunua, tukakikata vidogo vidogo.

Mama alichukua korosho moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii imebanguliwa na mtu anayejua, wanangu. Haina hata kovu." Akaanza kuwaeleza wanachuo waliotoka bara jinsi korosho inavyookotwa, inavyoanikwa, na kwa nini yenye unyevu hukataliwa ghalani. Watu wakasogeza viti. Alipomaliza ndipo akauliza, "Na hiki cheupe je?" Akaonja jibini, akacheka, akamkatia mumewe nusu.

Kwa hiyo kamati za mwaka huu, picha tazameni, mpangilio igeni: rangi zipishane, kikavu kikae mbali na chenye maji, katikati pajae. Ila kabla ya kukusanya michango, ulizeni kwanza ni nani aliyelipa ada, na shambani kwake kunaota nini. Hicho ndicho kikae katikati.