Kabla ya kumtaja jirani, hesabu miezi

Nina miaka 36 na nywele za mbele zimeanza kuniaga. Hapa Kashebere kila mtu ana neno lake. Mmoja anasema ni utajiri unakuja, mwingine anauliza ni nani ameniloga. Mimi najibu: baba alikuwa na upara, babu vile vile. Ni urithi wetu, na hauumi.

Ningelinyamazia jambo hili kama si akina mama waliofika hapa wakikimbia vita. Kadhaa wameniambia habari moja: wakichana, nywele zinatoka kwa mafungu. Na kabla ya kufika kwa muuguzi, wamekwisha kumshuku jirani, mke mwenza au mama mkwe. Kwetu, neno la uchawi likishatamkwa, linaweza kumfukuza bibi kizee nyumbani mwake, na hata kumwua. Kwa hiyo tuseme wazi.

Upara wa urithi huja polepole, kwa miaka. Kwa mwanaume huanzia kwenye paji na utosini. Kwa mwanamke nywele hupungua katikati ya kichwa. Unatoka upande wa baba au wa mama.

Nywele zinazotoka kwa wingi kichwa kizima ni jambo lingine. Homa kali, uzazi, njaa na hofu kubwa huzipumzisha nywele nyingi kwa wakati mmoja, kisha zinaanguka miezi miwili au mitatu baadaye. Mama, hesabu kurudi nyuma: miezi mitatu iliyopita ulikuwa wapi? Wengi wananijibu: njiani, porini, na mtoto mgongoni. Nywele hizo kwa kawaida huota tena zenyewe ndani ya miezi sita hivi, ukipata chakula na usingizi.

Zikikatika pembeni mwa paji, angalia misuko na meshi zinazovuta. Legeza mapema, kwa sababu mzizi ukivutwa miaka mingi unakufa.

Mtoto mwenye mabaka ya duara yenye magamba kichwani ana ugonjwa wa kuambukiza. Anahitaji dawa ya kumeza, mafuta peke yake hayatoshi, na wembe wake usitumiwe kwa mwingine. Lakini mtoto ambaye nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, na miguu imevimba, apelekwe kituo cha afya leo hii. Hiyo ni njaa, na inaua.

Na dawa ya upara? Ipo. Minoxidil ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Waganga waliona inaotesha nywele, na mwaka 1988 Marekani iliiruhusu kupakwa kichwani. Finasteride, kidonge cha wanaume, ilifuata mwaka 1997. Mwanamke mwenye mimba asiimeze. Zote mbili zinahitaji miezi mingi ya kuvumilia, na ukiziacha, nywele zilizopatikana zinaondoka tena. Kwa hiyo anayekuuzia sokoni chupa isiyo na jina, akiahidi nywele kwa wiki mbili, anataka franga zako tu. Pesa hizo zinunue maharagi.

Mimi nimechagua wembe. Nanyoa, navaa kofia jua likiwa kali, naendelea na kazi.

Mwaka 2017, huko Zambezia, Msumbiji, polisi walitangaza kwamba wanaume wenye upara waliuawa kwa sababu watu waliamini vichwa vyao vina dhahabu. Sisi wa Walikale na Masisi tunajua dhahabu inatoka wapi: udongoni, kwa jembe na jasho. Hakuna aliyewahi kuichimba katika kichwa cha mtu. Vivyo hivyo, nywele zilizobaki kwenye kichana hazina jina la jirani.

Mama, zikusanye, uende nazo kwa muuguzi, umweleze tangu lini. Na yule bibi uliyemshuku, msalimie asubuhi kama kawaida.