Chai ya Kijani Kwenye Vumbi la Tabaka

Ukitoka Kisii mjini kwa barabara ya Migori, unapita Suneka, unashuka Nyachenge na kupanda bodaboda ya Tabaka. Hata kabla ya duka la kwanza la vinyago utakutana na vumbi: jeupe, laini, limetanda kwenye migomba, kwenye nyusi za vijana wanaopasua mawe, hata kwenye mabawa ya kuku. Ni vumbi la jiwe la sabuni, na Tabaka nzima inalila, inalivaa na kulipia karo.

Wanaume huchimba jiwe kwa sururu, hulipasua, kisha hulichonga kwa panga na kisu. Jiwe ni laini kiasi hicho. Kina mama hukaa chini na beseni la maji na karatasi ya msasa, wakisugua. Mtazame mmoja akizamisha kibakuli kilichoonekana cha kijivu tu: kinatoka na rangi ya waridi, na mishipa myekundu ambayo vumbi lilikuwa limeificha. Huku ndiko kwao mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko kwenye makao makuu ya UNESCO, Paris.

Wageni huja kwa ajili ya mawe tu, wakanunua kiboko na kuondoka. Wanakosa nusu ya starehe. Hapa chini mashamba ni ya miwa na ndizi, lakini ukipanda kuelekea Ogembo majani chai yanazidi, na milima ya Gusii inageuka kijani kibichi hadi jicho lichoke. Karibu yote ni ya wakulima wadogo. Asubuhi utawaona na vikapu mgongoni, wakichuna majani mawili na kichipukizi, wakikimbizana na saa ya kupima kilo kituoni. Baada ya hapo mkono wa mtu hauna kazi tena: kiwandani mashine husaga jani, huliacha liive hewani hadi liwe kahawia, hulikausha hadi liwe jeusi, ndipo lije kuchemshwa na maziwa. Siidharau chai hiyo, nimeinywa maisha yangu yote. Ila jani lile lile linaweza kufuata njia nyingine, ya Wachina, isiyohitaji kiwanda.

Kule Hangzhou, watengenezaji wa chai ya kijani ya Longjing hulikaanga jani kwa mkono mtupu kwenye sufuria kubwa ya chuma, wakilibana na kulilaza hadi liwe bapa. Moto ndio siri yenyewe: huzuia jani kugeuka kahawia, kwa hiyo linabaki kijani. Ile bora huchunwa kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili. Sisi tunachuna mwaka mzima, na nafasi hiyo hatuitumii.

Jaribu mwenyewe, ukimpata mwenyeji mwenye subira. Tandaza majani kwenye ungo yanyauke kwa saa chache. Pasha sufuria kavu, isiyonuka kitunguu, na uyageuze bila kupumzika. Yatatoa harufu ya nyasi mbichi, kisha ya maharagwe yaliyochomwa. Yaepue, yasugue kwenye ungo kwa kiganja yajikunje, kisha yarudishe kwenye moto mdogo hadi yavunjike ukiyaminya. Kilo nne au tano za majani mabichi hukupa kama kilo moja, basi usianze na konzi moja.

Kuinywa ndiko kunakowashinda wengi. Jani letu ni la aina ya Assam, lina ukali zaidi kuliko lile dogo la China, na maji yanayotokota hulifanya chungu kama mwarobaini. Acha maji yapoe hadi nyuzi 80 hivi, mimina, subiri dakika mbili, kunywa. Mimina tena juu ya majani yale yale; kikombe cha pili mara nyingi hupita cha kwanza. Sukari mwiko, maziwa usiyataje.

Na kikombe? Vikombe vya mawe vya Tabaka vinapendeza, lakini vingi vimepakwa rangi au nta, na mimi siweki chai moto humo. Navitumia kwa njugu. Chai natia kwenye glasi ya kawaida niyaone majani yakifunguka, na glasi naiweka juu ya kisahani cha jiwe lisilopakwa kitu. Kisahani kama hicho uagize kwa mchongaji mwenyewe, usisubiri cha dukani, na bei mkubaliane kabla hajashika kisu.

Mama aliyenikaribisha alionja, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hii ni ya kuumwa na nini?" Akamimina iliyobaki kwenye mgomba, akafungua chupa yake ya chai ya maziwa. Jirani yake, mzee mwenye vumbi hadi masikioni, alikuwa tayari amenyoosha glasi akidai kikombe cha tatu cha ile ya kijani.